Mcheza Kwao Hufungiwa Mlango

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Atakaye kujua methali hii imechakaa kiasi gani katika nchi yetu ya Kenya na aifuate safari ya kisanaa ya Jim Chuchu: mwanamuziki, mpiga picha, mwelekezi wa video za muziki na hatimaye wa filamu. Nimekuwa nikiifuatilia safari hiyo kwa miaka kadhaa, kwanza kama mpenzi wa muziki, kisha kama mwalimu wa fasihi anayelazimika kuwaeleza vijana kwa nini kazi muhimu za wenzao zinazungumzwa zaidi Toronto na Berlin kuliko Nakuru na Kisumu. Kila nikiitazama upya naliona jambo lilelile. Taifa letu humshangilia msanii mbunifu kadiri anavyotuchekesha. Siku anapoitumia akili ileile kutuonyesha sura zetu, tunamgeuzia kisogo, na ikibidi tunamwitia polisi.

Naomba nieleweke mapema. Makala haya si ya kumtukuza mtu. Chuchu hahitaji utetezi wangu, na kazi zake si zote zilizonikonga moyo. Ninachokusudia ni kuishtaki tabia. Tabia hii haikuzuka kwa bahati mbaya: ina sheria inayoilinda, ina ofisi inayoihudumia na ina muhuri unaoigongea karatasi.

Tuanze na kicheko, maana ndiko tulikoanzia sote. Kundi la Just A Band lilizaliwa miongoni mwa vijana waliokutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta: Bill Sellanga, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 2008, muziki wao wa kielektroniki haukufanana na chochote kilichokuwa kikipigwa katika matatu au redioni. Hawakuwa na kampuni kubwa ya kuwabeba wala fedha za kukodi waelekezi wa ng'ambo. Kwa hiyo wakajifanyia wenyewe: wakachora, wakapiga picha, wakahariri, wakatengeneza vibonzo. Kwao video haikuwa pambo la wimbo. Ilikuwa nusu ya pili ya wimbo wenyewe.

Kisha ukaja mwezi wa Machi 2010, wakatoa video ya wimbo wao uitwao Ha-He. Ndani yake alikuwamo shujaa mwenye nywele zilizotimka, mavazi ya miaka ya sabini na ngumi zisizokosea shabaha. Jina lake Makmende. Waliokulia Nairobi katika miaka ya tisini walilijua jina hilo tangu utotoni. Inaelezwa kwamba ni maneno ya Clint Eastwood katika sinema, yaliyosikiwa kwa masikio ya mitaa yetu na kugeuzwa kuwa jina la mtu jasiri kupita kiasi. Mtoto aliyejifanya mbabe aliulizwa kama anajidhani ni Makmende. Vijana wa Just A Band waliliokota neno hilo kutoka vumbini, wakalivika mwili, wakaturudishia.

Nchi nzima ikalipuka kwa furaha. Mitandaoni Wakenya wakatunga mamia ya vichekesho juu ya uwezo wa Makmende, wakabuni majalada ya uongo ya majarida yenye sura yake, na vyombo vya habari vya ng'ambo vikaandika kwamba Kenya imepata kichekesho chake cha kwanza cha kusambaa intaneti nzima. Hata Wikipedia ilipigana nacho, wahariri wake wakifuta ukurasa wa Makmende na Wakenya wakiuandika tena. Tulijivuna. Kwenye makongamano ya uchumi wa kidijitali wasemaji walipata mfano wa kutaja. Vijana wetu ni wabunifu, tuliambiwa, na makofi yakapigwa.

Ni nini hasa kilichoshangiliwa siku zile? Wengi walishangilia nywele na ngumi. Wachache waliona kazi iliyokuwa chini yake: kundi la vijana lilikuwa limethibitisha kwamba kumbukumbu ya mtaa wa Nairobi, ikishikwa na mtu mwenye jicho, inatosha kuwa malighafi ya sanaa. Hapakuhitajika simba, Mmasai aliyesimama kwa mguu mmoja wala mtoto mwenye inzi machoni. Hilo ndilo lililokuwa jambo zito, na hilo ndilo tulilolipita tukicheka.

Chuchu hakulipita. Mnamo 2012 alishiriki kuanzisha The Nest Collective, jumuiya ya wasanii wa Nairobi wanaofanya kazi pamoja katika filamu, muziki, mitindo ya mavazi na sanaa za maonyesho, na baadaye akaachana na kundi la muziki. Mwaka 2013 filamu yake fupi, Homecoming, iliiwakilisha Nairobi katika mradi wa African Metropolis, pamoja na filamu kutoka Abidjan, Cairo, Dakar, Johannesburg na Lagos. Ndani yake lipo jicho lilelile la Ha-He, linaloutazama mji wa kawaida na kuona ndani yake ndoto na maajabu. Mwelekezi wa video za muziki alikuwa anakua. Tofauti ni kwamba sasa wasaa wake ulizidi dakika nne za wimbo, na maswali yake yakazidi kicheko.

Mwaka 2014 ikaja Stories of Our Lives. The Nest walikuwa wamezunguka nchini wakikusanya simulizi za Wakenya wanaowapenda watu wa jinsia yao: walivyopendana, walivyofukuzwa, walivyojificha, walivyovumilia. Kutokana na simulizi hizo wakatengeneza hadithi tano fupi, wakazipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa bajeti ya takriban dola 15,000, fedha ambazo katika sinema kubwa huenda zisitoshe hata kuwalisha waigizaji kwa siku chache. Mwezi Septemba mwaka huohuo filamu ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto. Mwezi Oktoba, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ikaipiga marufuku, ikisema ina mambo machafu na inaeneza mapenzi ya jinsia moja kinyume cha maadili ya taifa. Mtayarishaji wake mkuu, George Gachara, akakamatwa na kushtakiwa kwa kosa la kupiga filamu bila leseni. Mashtaka hayo yaliondolewa baadaye. Februari 2015 filamu hiyohiyo ikapata tuzo ya jopo la Teddy katika tamasha la Berlin.

Ipime hali hiyo, ndugu msomaji. Mjerumani alikata tiketi, akaketi, akazisikia sauti za Wakenya zikisema Kiswahili na Kiingereza cha Nairobi, akapiga makofi, akaenda zake kula chakula cha jioni. Mkenya ambaye maisha hayo yanafanyika jirani yake, pengine nyumbani mwake, alikatazwa na serikali yake kuketi na kutazama. Tunalalamika kwamba Wazungu wanaijua Afrika kwa jicho la kasumba. Hapa alikuwapo Mwafrika aliyejieleza kwa jicho lake mwenyewe, na sisi tukahakikisha kwamba wa kumsikiliza ni Mzungu peke yake.

Nakijua kinachojibiwa hapa, kwa sababu nakisikia katika vyumba vya walimu na katika vipindi vya redio. Hoja ya kwanza husema kwamba sheria za nchi zinakataza vitendo hivyo, hivyo filamu inayovionyesha haiwezi kuruhusiwa. Hoja hii ina sura ya busara lakini haina mifupa. Sheria za nchi zinakataza pia uuaji, wizi wa mabavu na ufisadi. Je, tumepiga marufuku kila filamu yenye jambazi? Kila jioni runinga zetu huingiza sebuleni tamthilia za kigeni zilizojaa uzinzi, sumu na visasi, nasi hatusemi kwamba serikali imehalalisha kumtilia mumeo sumu katika chai. Kuonyesha jambo si kulitenda, wala kulisimulia si kuliamuru. Mtu asiyeweza kutofautisha mambo haya mawili hawezi kusoma hata hekaya ya sungura na fisi bila kudhani kwamba inatufundisha wizi.

Hoja ya pili husema kwamba Bodi inayalinda maadili ya Kiafrika. Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu, kwa sababu hoja hii inategemea usahaulifu wa wasikilizaji. Sheria inayotumiwa kulinda hayo maadili ya Kiafrika ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222. Ilitungwa mwaka 1962 na kuanza kutumika Oktoba 1963, Waingereza wakiwa bado hawajamaliza kufungasha mizigo yao. Ndiyo inayomtaka mwenye kupiga filamu aombe leseni kwanza na kuwasilisha maelezo ya mandhari na maneno yatakayosemwa. Kwa maneno mengine, umwambie mwenye mamlaka utakachosema kabla hujasema, naye akupime. Ni sheria ya mtawala anayewaogopa anaowatawala. Tulipoteremsha bendera ya Malkia tuliishika sheria hiyo kwa mikono miwili, tukaivika shuka na kuiita mila.

Na tusijidanganye kwamba makali yake yanawahusu tu wanaosimulia mapenzi. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, wakiwa pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, waliigiza mchezo kwa Kikuyu juu ya ardhi na dhuluma. Hapakuwamo mapenzi ya jinsia moja. Palikuwamo ukweli kuhusu matajiri wapya. Leseni ya maonyesho ikafutwa, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Miaka mitano baadaye ukumbi ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao ukabomolewa. Kwa hiyo neno maadili likitamkwa na mwenye muhuri, nawasihi wasomaji wangu waulize maadili ya nani, na nani amelindwa. Leseni iliyomnyamazisha mkulima wa Limuru ndiyo iliyomfikisha mahakamani mtayarishaji wa Nairobi. Kisingizio kimebadilishwa, kalamu ni ileile.

Zaidi ya hayo, tunayo Katiba. Katiba ya 2010, ibara ya 33, inamhakikishia kila mtu uhuru wa kujieleza, na inautaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Mipaka yake nayo imetajwa: propaganda za vita, uchochezi wa fujo, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki. Nimeisoma ibara hiyo na wanafunzi wangu neno kwa neno. Hatukuona humo kifungu kinachosema isipokuwa pale mkuu wa ofisi atakapoona haya. Mwaka 2018 filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku kabla haijafika huko. Mwezi Septemba Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba tu, na watu wa Nairobi wakapanga foleni kuijaza kumbi. Siku saba! Mwananchi mtu mzima, anayepiga kura, anayelipa kodi, anayeweza kuandikishwa jeshini, alipewa wiki moja ya kuaminiwa na macho yake mwenyewe. Siku hizo zilipita na sikusikia kwamba ndoa zilivunjika au Mlima Kenya ulianguka.

Hoja ya tatu ni ya werevu zaidi, nayo hutoka kwa wasomi wenzangu. Husema kwamba wasanii wa aina ya Chuchu wanawafanyia kazi wafadhili wa ng'ambo, na kwamba hizo tuzo za Berlin ni mshahara wa utiifu. Sipuuzi hoja hii. Fedha za nje huja na masikio yake, na msanii anayeishi kwa ruzuku hujifunza upesi ni wimbo gani unaolipwa. Lakini hoja hii ikitolewa na mtu ambaye hajawahi kulipia tiketi ya filamu ya Kenya, nayo ni unafiki. Umemnyima mtoto chakula, kisha unamshutumu kwa kula kwa jirani.

Tena, ukweli wa kazi zenyewe unaikanusha. Kibaraka wa Ulaya asingeshiriki mradi wa International Inventories, ambao The Nest waliuendesha pamoja na wenzao, wakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na makumbusho ya Ujerumani. Mradi huo uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya asili ya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, ukawauliza wenye makumbusho waliyapataje. Kibaraka asingepeleka Kassel mwaka 2022, kwenye maonyesho ya documenta, marobota ya mitumba na taka za kielektroniki na kuwaambia watu wa Kaskazini kwamba haya ndiyo mnayotuletea, tunayarudisha kwa mtumaji. Hao ni wasanii wanaowasuta wenyeji wao wa ng'ambo mezani mwao. Ningetamani kuwaona wanasiasa wetu wakithubutu robo ya hayo wanapokwenda kuomba mikopo.

Na wakati wote huo hawakuacha kusema na Wakenya. Mwaka 2016 The Nest walitoa Tuko Macho, mfululizo wa visa ulioelekezwa na Chuchu na kusambazwa moja kwa moja kupitia Facebook. Kisa chake ni cha mtu anayewateka watuhumiwa, kuwaanika mtandaoni na kuutaka umma upige kura kuamua kama wana hatia. Watazamaji nao waliombwa kupiga kura. Sijaona kazi nyingi za sanaa zilizotushika pabaya namna hiyo. Katika nchi ambako mwizi wa kuku huchomwa kwa matairi na mwizi wa mabilioni hupewa kiti cha mbele kanisani, msanii alituuliza: wewe uliyeketi na simu yako, ungemhukumu nani, kwa ushahidi gani? Makmende alikuwa ameturudia, safari hii bila kichekesho. Yule mbabe anayenyoosha mambo kwa ngumi, tuliyemshangilia mwaka 2010, tuliwekewa mbele na kuombwa tumtazame vizuri kabla ya kupiga makofi.

Mwanzoni mwa muhula niliwauliza wanafunzi wa darasa langu ni wangapi wanaomjua Makmende. Mikono mingi iliinuliwa, ingawa wengi walikuwa watoto wadogo video ilipotoka. Nikauliza ni wangapi waliotazama Tuko Macho. Mikono mitatu. Hawa ni wanafunzi wa fasihi, watu ambao kesho watakuwa walimu wa watoto wenu. Wanaweza kukueleza muundo wa tanzia ya Kiyunani. Kazi ya tanzia iliyotengenezwa mwendo wa dakika chache kutoka walipolala jana hawajaisikia. Kosa si lao. Mitaala yetu, ambayo mimi pia naifundisha, bado inaamini kwamba fasihi ni kitu kilichochapishwa na kufungwa jalada, na kwamba msanii hastahili kusomwa mpaka azikwe.

Hasara ya haya yote hatuioni kwa sababu haina mwili. Hakuna anayeandika katika magazeti kwamba leo filamu saba hazikutengenezwa. Lakini hazikutengenezwa. Kila kijana anayeshika kamera Eldoret au Kilifi hujifunza mapema kuhariri ndani ya kichwa chake kabla ya kuhariri mezani. Hujua kwamba akipiga video ya magari ya kukodi na wasichana kando ya bwawa hakuna atakayemuuliza leseni kwa ukali, na kwamba akigusa ardhi, polisi, dini au mapenzi, mlango utabishwa. Kisha tunakaa na kulalamika kwamba video zetu zote zinafanana. Zitaachaje kufanana? Tumeiwekea ushuru tofauti, tukauachia urudufu upite bure.

Wala tusiseme kwamba vipaji vimekauka. Katika Just A Band hiyohiyo alitoka Mbithi Masya, ambaye filamu yake Kati Kati ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa Toronto mwaka 2016. Kundi moja la muziki kutoa waelekezi wawili wa kiwango hicho si ajali. Ni dalili ya ardhi yenye rutuba. Nao hao hao wa The Nest ndio walioanzisha HEVA, mfuko wa kuziwezesha biashara za ubunifu katika Afrika Mashariki, kwa kuwa benki zilimwona msanii kama mtu asiye na kazi. Wamelima, wamepanda, wamechimba na kisima. Serikali imebaki na kazi moja tu, ya kusimama langoni na kudai kibali.

Ninachodai hakina utata. Sura ya 222 ifutwe. Mahali pake pawekwe sheria yenye kazi moja halali, yaani kuainisha filamu kwa umri ili mzazi ajue kinachomfaa mwanawe. Mtu mzima aachiwe macho na dhamiri yake. Leseni ya kupiga filamu ibaki kwa mambo ya usalama barabarani na matumizi ya majengo ya umma, isiwe kipimo cha mawazo. Vyuo vikuu vyetu viingize filamu na video za wasanii wetu katika kozi za fasihi, na vihifadhi nakala zake, kwa maana leo sehemu kubwa ya kumbukumbu yetu ya sanaa inakaa katika seva za makampuni ya California, ambayo yanaweza kuifuta kesho bila kutupigia hata simu.

Na kwetu sisi watazamaji nina dai pia. Tuliokesha tukitunga vichekesho vya Makmende tuna deni. Msanii aliyetupa kicheko bila malipo alikuja baadaye na kioo, nasi tukamwachia mlinzi wa lango amfukuze huku tukitazama pembeni. Wahenga hawakusema mchekeshaji kwao hutunzwa. Walisema mcheza, na mcheza ngoma hachagui kuchezea wanaofurahi tu. Safari ijayo Bodi itakapotangaza kwamba kazi fulani ya Mkenya haifai macho ya Wakenya, andika barua, ingia mahakamani ukiweza, au angalau ulize kwa sauti: ni nani aliyekupa macho yangu?